Mwaka Tuliotia Stima Ndani kwa Bibi

Ma Esha alipokuwa akioshwa, hapa Mombasa, nilisimama pembeni na ndoo tupu mkononi nikaangalia sakafu. Wenzangu walikuwa wakimwangalia yeye, wakisoma, wakifuta machozi kwa ncha za mitandio. Mimi macho yangu yalikuwa chini, yakifuata maji. Yalishuka kwenye meza ya chuma, yakapita juu ya vigae vyeupe, yakaingia kwenye tundu lenye wavu katikati ya chumba, yakatoweka bila kelele. Binti yake Ma Esha akanigusa bega. "Dada Mishi, umeangusha kitu?" Nikamwambia la, sijaangusha. "Basi watafuta nini huko chini?" Nikasema naangalia maji yanakwenda wapi. Akanikazia macho, nikajua anajiuliza kama uzee umeshaanza kunichezea akili. Simlaumu. Yeye amezaliwa huku, na mamake hakuwahi kumhadithia. Waliokuwa ndani ya chumba kile cha Kismayo siku tuliyomwosha Bibi walikuwa wanawake watatu, na Ma Esha, mdogo wake mama, ndiye aliyekuwa amebaki. Sasa nipo mimi tu, niliyekuwa mlangoni. Nayasema haya leo kwa sababu sina tena mtu wa kumgeukia nimwambie, "Ilikuwa hivi, sivyo?"

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na saba, na ulikuwa mwaka wa mwisho kabla wachu, yaani watu wetu, hawajatawanyika, huyu Kenya, yule Yemen, mwingine mpaka leo hajulikani aliko. Tulikaa nyumbani kwa Bibi, nyumba ya mawe ya zamani, ukuta wake mnene hata mtu akikohoa chumba cha pili humsikii, ila sauti hupita juu, penye boriti, kwa hiyo siri za nyumba ile tulizipata tukiwa tumelala chali. Ukitoka sebuleni unaingia chumba cha kati, na ukipita chumba cha kati unaingia ndani. Tulikiita hivyo tu, "ndani", kana kwamba vyumba vingine vilikuwa nje. Hakikuwa na dirisha la barabarani. Kilikuwa na zidaka za kuwekea vikombe na mafuta ya nywele, kitanda cha Bibi, kizingiti cha jiwe mlangoni kilichomfunza kila mtoto wa ukoo wetu kunyanyua mguu, na chini ya kuta zake zimezungushwa mbao za msaji, kimo cha shibiri moja, za kuzuia miguu ya vitanda isichune chokaa. Mbao hizo sisi tukiziita pindo, kama pindo la leso. Kwenye pembe ya nyuma, ubao mmoja ulikuwa umekatwa mdomo mdogo, na nyuma yake lilikuwamo tundu la maji lililotoboa ukuta mpaka uani. Ukiosha chumba, maji yanatokea hapo. Nyumba zote za wazee wetu zilikuwa na tundu kama hilo, na kwa wengi wetu lilikuwa ni mahali pa kupitia panya.

Bibi alikuwa anaumwa kifua. Haikuwa kikohozi, ilikuwa pumzi: aliivuta, ikaja nusu. Mchana, joto likishika, alikaa kitandani ameinamia mto, mabega yanapanda na kushuka, na sisi tukikaa zamu kumpepea kwa vipepeo vya ukindu mpaka viganja vinatoka malengelenge. Namkumbuka Mjomba Bwanaadi, kaka yake mama, siku aliyotoka hospitalini peke yake. Tulikuwa tunakula baasta, zile tambi, kwa mchuzi wa changu na ndizi pembeni, kama wanavyokula Wasomali, na yeye hakugusa. "Wamesema hawana dawa zaidi ya waliyompa," akasema. "Wamesema apate hewa." Mama akaweka kijiko chini. "Hewa gani, Bwanaadi? Milango yote i wazi, uani ni wazi, nikamtafutie hewa ya dukani?" Mjomba akasema, "Ndiyo. Ya dukani. Ya feni." Mama akaisogeza sahani kando. Feni ilitaka stima, na nyumba yetu haikuwa na stima. Bibi alikuwa amekataa tangu zamani, alisema hataki kulala na kitu kisicholala.

Leo ninaishi ghorofani, na kila ukuta umetobolewa soketi. Wajukuu wangu wanachomeka simu, wanachomoa simu, wala hawaangalii mkono unakwenda wapi. Mimi nikimwona mtoto ametoka kuoga miguu haijakauka anakaribia ukuta, napiga ukelele unaotoa majirani. Wanacheka. "Bibi na stima yake!" Wacha wacheke. Hata mimi wakati ule nilikuwa nikicheka, na sababu ya kicheko chetu alikuwa Shee.

Shee alikuwa fundi wa mashua, mtu wa kisiwa cha Chula, mkono wake umejengea wavuvi wa kisiwa cha Koyama na wa Darakasi mpaka akachoka, akahamia Kismayo kufunga taa kwenye mashua za injini, na hapo ndipo alipojifunza stima. Alikuja na kikapu cha vyombo vyake: patasi, msumeno, keekee, nyundo ya mbao, mafungu ya pamba na kopo la sifa, mafuta ya papa ya kupakia mashua, lililonuka nyumba nzima. Jirani yetu Haji Yusuf, mfanyabiashara wa Kisomali, mtu mwema kupita kiasi, alisema tusihangaike na ofisi, tuvute kwake. "Jirani ni jirani, chukueni," akasema. Basi Shee akaunga waya kwenye ukumbi wa Haji Yusuf, akatia na swichi ya kuzimia hukohuko, akauvusha waya juu ya kichochoro mpaka uani kwetu. Kilichobaki ni kuuingiza ndani kwa Bibi.

Siku ya kwanza aliupiga ukuta patasi moja tu. Chokaa ikabanduka kipande kikubwa kuliko sinia, na nyuma yake mchanga ukaanza kumwagika, unamwagika tu, haukomi. Mama akatoka mbio. "Wee Shee! Waniangushia nyumba!" Shee akazuia mchanga kwa viganja viwili, kichwa kimejaa vumbi. "Si mimi, mama, ni ukuta wenyewe unataka kuja kuamkia wageni." Bibi kitandani akauliza kuna nini, tukamwambia hakuna kitu. Akasema, "Hakuna kitu na mbona nala mchanga?" Kuta zile hazikukubali kutobolewa. Shee akakaa chini, miguu ameikunja, akizitazama, kisha macho yake yakateremka kwenye pindo. Akaligonga kwa kidole. Akagonga tena mbele. Uso wake ukafunguka. "Mbao hizi ni nzima," akasema. "Nitapitisha kila kitu humu. Ukuta siugusi."

Kabla hajaanza, Bibi alituita, mama, Ma Esha na mimi, akamwambia Shee asubiri ukumbini. Alikuwa ameegemea mto na pumzi yake ilikuwa nzuri kidogo asubuhi ile. "Tieni," akasema. "Tieni feni, tieni na redio mkitaka, nimechoka kushindana. Lakini nisikizeni. Humu ndani nimezaa. Humu nimemwosha mamangu kwa mikono hii, na maji yake yakatoka vizuri, yakaingia shimoni uani, hakuna mchu aliyeyakanyaga. Na mimi nataka hivyo. Nioshwe ndani mwangu. Nisitolewe nje na mwili mtupu. Sina wasia mwingine, dhahabu mgawane mtakavyo." Mama akasema, "Inshallah, mama." Bibi akakunja uso. "Usiniletee inshallah ya kunyamazishia watoto. Sema ndiyo." Mama akasema ndiyo. Ma Esha akasema ndiyo. Bibi akanigeukia mimi, nami nikasema ndiyo, huku nikitamani atuache tutoke kwa sababu Shee alikuwa anaimba ukumbini na alikuwa na sauti. Kwetu sisi haukuwa wasia wa kuogofya. Nani aoshwe nje? Kila mtu aliyekufa katika nyumba ile alioshewa ndani.

Kazi ya Shee ilikuwa ya kupendeza kuitazama, na mpaka leo siwezi kusema vinginevyo. Aling'oa mbao zile moja moja bila kuipasua hata moja, akazigeuza, akazichimba mfereji mgongoni kwa patasi, mfereji mnyoofu, laini kwa kidole. Akakata matundu ya mraba, akayatoboa pembe kwa keekee, akazikalisha soketi nne humo zikawa sawasawa na uso wa ubao, utadhani zilizaliwa pamoja. Halafu akawa na shida ya kuuingiza waya kutoka uani. Akapapasa, akaliona tundu la maji. "Ala! Kumbe njia ninayo!" Akapitisha waya hapo. Kisha akarudisha mbao ukutani, na hapo ndipo alipofanya alilolifanya. Hakupigilia misumari tu akaenda zake kama fundi wa mjini. Alizitia kalafati. Alisokota pamba, akaichovya kwenye sifa, akaishindilia kwa patasi butu na nyundo ya mbao kila mahali ubao ulipokutana na ukuta na kila mahali ulipokutana na sakafu, pembe kwa pembe. Tundu la maji aliliziba pande zote mbili, ndani kwa pamba, nje kwa pamba na juu yake chokaa. Kuta za zamani zinatoa jasho la chumvi, alisema, na unyevu ukiufikia waya ni balaa. Maisha yake yote alikuwa amefanya kazi ya kuzuia maji yasiingie, basi akayazuia.

Na sisi tulikuwapo sote! Mama alikuwa amesimama pale na kikombe cha chai ya tangawizi. Ma Esha alikuwa amemshikia kopo la sifa, na ameziba pua. Bibi mwenyewe, aliyelala ameelekea ukuta wa pili kwa sababu vumbi lilimsumbua, aliuliza nyundo ni ya nini, na Shee akamwambia, "Naziba tundu, bibi." Akajibu, "Afadhali, panya wamenichosha." Shee akapangusa mikono, akakizungukia chumba kama anavyozunguka mashua mpya. "Bibi, chumba chako sasa hakivuji. Ukitaka kwenda Koyama twambie, tukisukume majini na kitanda chako." Bibi akacheka mpaka akapaliwa, tukamkimbilia kumpiga mgongo. Nimejiuliza mara nyingi ilikuwaje asikumbuke hata mmoja wetu. Jibu nililonalo ni kwamba stima ile ilitiwa ili Bibi asife. Nyumba nzima ilikuwa inamfukuza malaika wa mauti kwa pangaboi. Nani angekumbuka kumwachia njia?

Feni ikaja, ya kusimama, ya rangi ya samawati. Kwa siku chache Bibi alifanya kama haioni. Kisha nikamkuta anasema nayo: "Geuka basi, geuka huku, mbona wanipita?" Akaipenda. Alifumba macho ikimpitia, nywele zake nyeupe zikipeperuka pembeni mwa ushungi, na pumzi zilikuja ndefu kidogo. Wanawake wa mtaani walikuja kumtazama mgonjwa wakakaa mpaka magharibi, tunajua walichokuja kukitazama. Lakini stima ya Kismayo ilikuwa na tabia zake. Kila mchana ilikatika, wakati joto linapopanda hasa, na pangaboi likapunguza mwendo, likayumba, likasimama, na Bibi akafungua macho akatutazama. Yale macho! Hayakuwa ya kulaumu. Yalikuwa yanauliza tu. Tukashika vipepeo vya ukindu, na mama akailaani stima, na serikali ya stima, na mama zao waliowazaa. Sijui nilimsikia mara ngapi akisema, "Yarabi, siku moja tu isikatike!"

Sakafu hatukuiosha tena kwa maji ya kumwaga. Shee alituonya tusimwage maji karibu na soketi, nasi tukatii, tukawa tunapangusa kwa tambara lililokamuliwa. Kwa hiyo hapakutokea siku ya kutuonyesha kwamba maji hayana tena pa kutokea. Miezi ikapita hivyo. Bibi akapungua, akawa mwepesi, sauti ikawa ya kunong'ona, halafu ikawa ya midomo tu. Alikufa asubuhi, baada ya chai, mama amemshika mkono na feni inampepea. Alivuta pumzi moja, tukasubiri ya pili, tukaendelea kusubiri. Ma Esha ndiye aliyenyoosha mkono akazima feni.

Mambo yakaenda kama yanavyokwenda. Feni ikatolewa, kitanda cha kulalia kikatolewa, kikaingizwa kitanda cha kamba cha kuoshea. Wanaume wakajaa sebuleni na kichochoroni, wanawake uani, na kila aliyekuja alikuja na chombo chake cha kupikia matanga: masufuria, sinia, mbuzi za kukunia nazi zikapangwa ukutani mstari mrefu. Mwosha wa mtaa, bibi mmoja mkavu asiyependa maneno, akaingia ndani na mama na Ma Esha. Mimi kazi yangu ilikuwa kuchota maji kisimani, ya mkunazi na ya kafuri, na kuyafikisha kizingitini. Nilipeleka ndoo, nikarudi, nikapeleka. Nikamsikia mwosha akisema, "Maji haya mbona hayaendi?" Mama akajibu kitu nisichokisikia. Nilipoleta ndoo nyingine niliyaona, yamejaa chumbani, yametuama nyuma ya kizingiti, na majani ya mkunazi yanaelea. Ubavu wa kulia wa Bibi ulikuwa umeshaoshwa. Walikuwa wanajiandaa kumgeuza.

Ma Esha alikuwa wa kwanza kupiga kelele. "Nge! Nimeumwa na nge!" Akaruka, akatua na mguu mwingine, akapiga kelele tena. Mwosha akasema, "Hakuna nge hapa, tul—" asimalize, akashikilia kitanda. Mama alikuwa karibu nami. Nikamrushia leso, akaishika, nikamvuta akavuka kizingiti akaangukia kifuani pangu. Ma Esha akajitupa nje, na mwosha tukamvuta kwa buibui lake. Kisha tukasimama chumba cha kati, wanne, tunahema, tukitazama ndani. Maji yalikuwa yamezifikia soketi za pindo. Yalitulia tuli, hayana alama yoyote, ungeweza kunywa. Na Bibi amelala juu ya kitanda cha kamba, amefunikwa nguo ya kuoshea, nusu ameoshwa na nusu bado, na hakuna mtu anayeweza kumfikia.

"Zimeni!" mama akapiga kelele. "Waambieni wazime!" Swichi ilikuwa kwa Haji Yusuf. Na Haji Yusuf alikuwa Mogadishu na wake zake wote, na mlango wake wa chuma una makufuli mawili. Shee alikuwa kichochoroni, amekuja kuzika. Alipoambiwa, alikimbia uani kulizibua tundu. Nilimwona akipiga magoti, akitwanga ile chokaa yake mwenyewe, na patasi ilipopenya ikamtupa nyuma chali, mkono umekakamaa. Waya na maji vilikuwa vinapita tundu moja. Alipopata kauli akasema, "Nipeni panga nikaukate waya juu," na Mjomba Bwanaadi akamkalia kifuani, wallahi alimkalia, akamwambia, "Tuna maiti mmoja, Shee. Mmoja atutosha." Shee akalia pale chini, mtu mzima mwenye ndevu, mbele ya wanawake. Hakuweza hata kuingia kutazama kazi yake, kwa sababu Bibi hakuwa amesitiriwa.

Basi tukangojea stima ikatike. Ndiyo ilivyokuwa, na hata nikikueleza hivi nahisi aibu ya jambo lenyewe, jinsi lilivyokuwa dogo. Nyumba nzima ya watu waliofiwa tumekaa tunaangalia taa ya ukumbini kwa Haji Yusuf, iliyoachwa ikiwaka, tunaiona kupitia uwazi wa juu ya mlango wake. Ilikuwa inakatika kila siku, itakatika sasa hivi. Adhuhuri ikaadhiniwa, ikaswaliwa. Taa inawaka. Mjomba akapanda baiskeli ya mtu akaenda kwenye mtambo wenyewe kuwasihi wazime kidogo tu, wazime kwa ajili ya Mungu. Akarudi jasho limemlowesha kanzu. Mtu wa pale alikuwa amemsikiliza vizuri, akampa pole, akamwambia, "Maanta lama damin karo." Leo haizimwi. Mkubwa mmoja wa serikali alikuwa amefika mjini, na amri ilikuwa imetoka: siku hiyo stima isikatike hata mara moja. Mama aliposikia hivyo alikaa chini kwenye kizingiti, akaufunika mdomo kwa viganja vyote viwili, akawa anatazama chumbani kama mtu aliyeomba na akapewa.

Shekhe alisema kutoka sebuleni kwamba dini ni nyepesi. Maji yakishindikana, afanyiwe tayamamu kwa mchanga, aswaliwe, azikwe, kuna joto na maiti hasubirishwi. Mama akajibu kwa sauti ambayo sikuijua. "Maji hayajashindikana, shekhe. Maji ndiyo haya yamejaa. Na mamangu ndiye huyu." Akasimama, akakunja nguo, akainua mguu kuvuka. Mwosha akamdaka. "Wee una watoto!" Akasema, "Na huyu ana mtoto." Walivutana pale mlangoni, na mimi nilisimama na ndoo iliyojaa maji ya mkunazi, sina pa kuimwaga wala pa kuiweka. Niliwaza kwamba tumesema ndiyo sote watatu. Nilimwona Bibi mguu wake mmoja, unyayo mweupe uliochungulia nje ya nguo, nikataka sana kuufunika.

Ma Esha ndiye aliyewaza mbuzi. Alitoka uani akichechemea, akarudi na mbuzi za nazi mbili, mbao kavu. Akaiweka moja majini nyuma ya kizingiti, akainua mguu, sote tukasema asifanye, naye akapanda. Stima haikumfanya kitu. Akaomba nyingine. Tukazipitisha mkono kwa mkono, mbuzi za mtaa mzima, akazipanga kama mawe ya kuvukia kijito mpaka kitandani, na mwosha akamfuata, na mama. "Hatuwezi kumwoshea juu ya haya," mwosha akasema. "Tukimwaga maji yatazidi." Mama akasema, "Najua." Kisha akasema kwa sauti ya chini, kumwambia Bibi, si sisi, "Mama, tunakutoa."

Wakamshika, mama kichwani, mwosha kiunoni, Ma Esha miguuni. Miaka kadhaa baadaye, tukiwa katika kambi ya wakimbizi tumekaa juu ya magunia, mama aliniambia jambo ambalo hakulisema siku ile. Aliniambia kwamba alipomtia mikono chini ya mabega, kwenye zile kamba zilizolowa, alimhisi Bibi anatetemeka. "Nilijua ni stima, Mishi. Sikuwa mjinga. Iliniingia mpaka kwenye meno. Lakini nilidhani anaogopa kutolewa, na sikuweza kumwachia." Hakumwachia. Walivuka juu ya mbuzi zile hatua kwa hatua, Ma Esha kinyumenyume, mpaka kizingitini, wakapita chumba cha kati, wakatoka naye uani.

Wanaume walikuwa wameondoshwa. Wanawake wote waliokuwapo walisimama duara, kila mmoja amevua leso ya juu ameishika pembe mbili mikono imenyooshwa, nami nilikuwa mmoja wao, na katikati tuliweka mlango wa jikoni uliong'olewa. Wakamlaza hapo. Tulikuwa tumemzungushia ukuta wa maleso, lakini juu hatukuwa na kitu cha kumfunika, jua lilikuwa utosini na lilimshukia lote, mtu ambaye nilikuwa sijawahi kumwona amesimama juani bila ushungi. Mwosha akasema tuanze upya, tangu mwanzo, upande wa kulia. Mtu akammwagia maji. Na mama akainama juu ya uso ule, ambao macho yake yalikuwa yamefumbwa tangu asubuhi, akasema, "Fumba macho, mama. Jua kali." Akaweka kiganja juu ya macho ya Bibi, kivuli kidogo hivi, na hakukiondoa mpaka mwisho, alimwosha mamake kwa mkono mmoja.